Mawe ya Makaburi na Nasaba za Wahenga



Mtu atakaye kuijua nasaba yake huanza kwa kuwauliza wazee. Wazee wakiisha, huyauliza makaburi. Ndivyo wafanyavyo Wamarekani wengi ambao wahenga wao walihamia huko nchi ingali makoloni ya Uingereza. Mjini Boston, ulioasisiwa mwaka 1630, yapo makaburi ya Granary, yaliyoanzishwa mwaka 1660.

Jiwe la kaburi ni shahidi mwema, lakini lina lugha yake. Tuchukue mfano. Mtu aona katika daftari la mji kwamba mama mmoja wa ukoo wake alizaa mwana Oktoba 1720. Akenda kaburini, asoma kuwa mama huyo alikufa Februari 1720. Je, maiti huzaa? Mwenye haraka atasema, "Huyu siye," na kwa neno hilo amemtoa mama wa watu katika ukoo.

Kumbe hapana kosa. Kabla ya mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao waliuanza mwaka tarehe 25 Machi. Basi Februari 1720 yao iliifuata Oktoba 1720, wala haikuitangulia. Kwa hesabu ya leo ni Februari 1721. Ndiyo sababu mawe mengine yameandikwa miaka miwili pamoja, 1720/21. Sisi tuliozoea kuhesabu kwa Muharram na kwa Januari, jambo hili halitupi taabu kulifahamu.

Yako mengine ya kuangaliwa. Mwanamke akiandikwa mjane wa fulani, mumewe alimtangulia. Akiandikwa mke, mara nyingi mume alikuwa hai. Tena mawe mengi ya Granary yalihamishwa yakapangwa safu safu. Kwa hiyo mawe mawili kukaribiana si ushahidi wa udugu. Na maandishi yaliyofifia yasikwaruzwe: chukua kioo, uelekeze mwanga wa jua ubavuni mwa jiwe, na herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake.

Dini yetu imemkataza mtu kujinasibisha kwa asiyekuwa baba yake. Basi mwenye kutafuta nasaba asiongeze mtu kwa tamaa ya sifa, wala asimtoe kwa haraka ya hesabu.

Nanyi vijana, ambao wazee wenu wangali hai, waulizeni leo na kuandika, kabla hamjabakiwa na mawe peke yake.

Wallahu aalam.