NAULI NI SEHEMU YA MSHAHARA



Mfanya kazi wa Bofu mwenye zamu ya saa moja asubuhi huko Changamwe huamka saa kumi usiku. Si kwamba Changamwe ni mbali sana. Ukisimama pwani ya Mtongwe waziona krini za Kilindini ng'ambo ya maji. Lakini yampasa kwanza ashuke mpaka feri kwa miguu au kwa bodaboda, angoje, avuke, kisha apande matatu ya kwanza na pengine ya pili. Jioni hurudi vivyo hivyo. Injini ya feri ikikataa, hesabu yote imekufa. Mmoja wetu alikatwa ujira wa nusu siku kwa sababu hiyo, na karani hakutaka kusikia habari za feri. Kwake yeye kitabu cha saa ndicho kisemacho.

Siku hizi wakubwa wanazungumza sana juu ya usafiri usioharibu hewa ya mji. Maneno hayo ni mazuri nasi twayakubali, maana wanaovuta moshi wa motokaa zinazongoja feri ni sisi tuliosimama kando yake. Lakini mbona katika mazungumzo hayo hatutajwi sisi tunaokwenda kwa miguu?

Hapo Likoni huvuka watu zaidi ya 300,000 kila siku, na motokaa kama 6,000. Feri moja kubwa huchukua zaidi ya watu 1,000 kwa safari moja, na mtu wa miguu halipi kitu. Matatu ndogo huchukua abiria 14. Fanyeni hesabu wenyewe: watu 1,400 ni matatu 100, tena ni injini 100 zenye moshi wake. Basi usafiri usio na moshi mwingi tunao tayari, ila umeachwa uchoke. Na ukichoka hauleti kuchelewa tu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272, wengi wao wakienda kazini. Watu wa Likoni hawahitaji kukumbushwa siku ile.

Fedha hazikosekani. Barabara ya Dongo Kundu imejengwa, kipande cha kwanza kikafunguliwa mwaka 2018 na kilichobaki mwaka 2024, pamoja na madaraja yake makubwa ya Mwache na Mteza. Ni kazi nzuri wala hatuikatai. Lori limepata njia yake, na mwenye motokaa pia. Tumeahidiwa vile vile daraja kubwa juu ya mlango wa Kilindini, na hata magari ya kuning'inia kwenye kamba ya chuma. Tutayashangilia siku tutakapoyaona. Hata hivyo kesho asubuhi twavuka kwa feri.

Sasa tuje kwenye kazi yetu wenyewe. Reli ya zamani ya upana wa mita moja, ambayo ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, yapita Makupa, Changamwe na Miritini, yaani mahali pale pale wafanya kazi wanapokwenda. Ilipofunguliwa SGR mwaka 2017 abiria wake walishushwa Miritini, ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba iko reli ya kuwafikisha mjini. Vema. Lakini twataka reli hiyo ifuate pia saa za zamu, si saa za wageni wa Nairobi tu. Gari moshi liondoke kisiwani kabla ya mapambazuko na kurudi zamu zinapobadilishwa, na yawepo mabasi ya kutoka feri mpaka stesheni kwa tikiti ile ile moja. Feri nazo zisipunguzwe saa hizo.

Wasituambie haiwezekani. Wenzetu wa Dar es Salaam walianza Oktoba 2012, juu ya reli za zamani zilizokuwapo, treni ya mjini ya kwenda Ubungo, na nyingine juu ya reli ya TAZARA. Hawakungoja reli mpya. Mwaka 2016 wakaongeza mabasi yaendayo kasi yenye njia yake peke yake. Hapo pana fundisho la pili: mabasi yakawa machache na watu wakasongamana vituoni, ilhali daladala zilikwisha kuondolewa katika Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo twasema wazi kwamba dereva na utingo wa matatu ni wafanya kazi kama sisi. Mpango wowote utakaowaondoa njiani bila kuwapa kazi nyingine hatutausimamia.

Yako pia ya mwajiri. Wazee wetu wengi wa Reli walikaa katika kota karibu na kazi, wakaenda kwa miguu king'ora kikilia. Leo twakaa pale tunapoweza kulipa kodi, na safari imekuwa mzigo wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe nyumba au fedha za kutosha za nyumba. Juu ya nauli ya kila siku haikuweka lazima ya namna hiyo. Basi ni juu yetu kuitia katika mapatano. Hapa tukiri kosa letu: miaka yote tumekwenda mezani kudai nyongeza ya mshahara, nauli tukaisahau, na nyongeza ikaliwa njiani.

Mapatano mapya yanakaribia, na Kamati haiwezi kwenda mezani na manung'uniko matupu. Kila mwanachama, na hasa nyinyi wa Bofu, Mtongwe na Shika Adabu, aandike kwa muda wa wiki mbili saa anayotoka nyumbani, saa anayofika kazini, nauli aliyolipa kwenda na kurudi, na siku alizokatwa kwa kuchelewa. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Karatasi apewe mjumbe wa idara yako, naye atazifikisha ofisini kabla ya siku ya mshahara.