Tuulize Habari za Risasi Kabla ya Kuandika Dawa ya Minyoo

Katika Kiswahili, madini ya risasi na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki vina jina moja, na wengi wetu tulio katika utoaji wa huduma za afya tunalishtukia jina hilo kwa maana ya pili tu. Akiletwa mtu mwenye jeraha la risasi begani, kituo kizima huamka. Akiletwa mtoto ambaye amekuwa akiila risasi kidogo kidogo kwa miaka miwili, kwa vumbi la uani kwao, huandikiwa dawa ya minyoo na kurudishwa kwenye ua uleule.

Nchini Marekani wako watu wanaojaza risasi za bunduki zao wenyewe nyumbani: huchukua ganda lililokwisha kutumika, hubadili fataki, hupima baruti, kisha hukaza kichwa cha risasi ambacho baadhi yao hukisubu wenyewe kwa madini yaliyoyeyushwa. Kwetu Tanzania, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, wala si nia yangu kuifundisha kazi hiyo. Ninachokitazama ni hatua moja tu ndani yake, ile ya kuyeyusha. Hatua hiyo hufanywa pia na watu wa pwani ambao hawajapata kushika bunduki maishani mwao.

Katika kijiji cha uvuvi kama Ndagoni, wavu usiozama haupati kitu, na mshipi usio na chubwi huchukuliwa na mkondo. Chubwi la dukani lina bei yake, na betri kuukuu iko karibu. Mvuvi aliyebanwa na hali huipasua betri, huchomoa mabamba, huyatia katika sufuria juu ya mafiga, kisha humimina katika kalibu ya mchanga. Mwenye gobore naye hupata marisau yake kwa njia hiyohiyo.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo moto wa kuni hulifikia bila taabu. Watu huogopa moshi, na hawakosei. Lakini kwa joto hilo madini hayachemki, na sehemu kubwa ya madhara imo katika vumbi: ule uchafu wa kijivu unaoelea juu ya sufuria na kuenguliwa, na ule unga unaomomonyoka kutoka katika mabamba ya betri hata kabla ya kuwekwa motoni. Unga huo hauozi. Hukaa mchangani, hushika kwenye kikoi na nyayo, huingia ndani hadi kwenye mkeka anapotambaa mtoto. Kuna na hatari ya papo hapo: kalibu ikiwa na mchanga mbichi, maji hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha madini ya moto usoni. Mtu aliyeungua namna hiyo atakuja zahanati siku ileile, ilhali mwenye vumbi haji.

Mtoto mdogo hufyonza tumboni sehemu ya risasi iliyo mara nne hadi tano ya ile ya mtu mzima, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi. Hujificha katika mifupa kwa miaka mingi. Mama aipatapo mimba, hutoka mifupani na kumfikia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa damu ikifikia maikrogramu 5 kwa desilita. Madhara ya ubongo wa mtoto huweza kuwa ya kudumu.

Kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo betri zilivunjwa na udongo wake kuchekechwa majumbani. Karibu nasi zaidi, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ndagoni haina kiwanda, najua. Lakini Thiaroye nako vumbi lilikuwa la nyumbani.

Wako watakaosema kwamba wazee waliyeyusha risasi na wakaishi. Wazee hawakuwa na betri za pikipiki na za umeme wa jua. Hata hivyo, siungi mkono marufuku ya serikali ya kijiji. Ikipigwa, sufuria itahamia chumbani usiku, mlango umefungwa.

Ninalolitaka kwanza ni swali moja kliniki: "Nyumbani kwenu kuna anayepasua betri au kuyeyusha risasi?" Halina gharama. Likijibiwa ndiyo, na mtoto ana upungufu wa damu usiosikia dawa, au msokoto wa tumbo na kufunga choo, au degedege lisilo na homa, tusimzungushe. Kipimo cha risasi katika damu si cha zahanati. Apewe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Kilindoni, na barua itaje wazi kwamba sumu ya risasi inashukiwa, ili daktari wa pili aanzie hapo. Dawa za kuitoa risasi mwilini zipo, lakini mtoto akirudi kwenye vumbi lilelile zitakuwa zimepotea bure.

Kwa wavuvi: betri isipasuliwe kabisa. Anayeyeyusha machubwi makuukuu afanye mbali na nyumba, kwa kalibu kavu na sufuria isiyorudi jikoni, watoto na wajawazito wasiwepo; aoge kwa sabuni na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Ua ulowanishwe kabla ya kufagiwa. BMU ya kijiji, ambayo huketi kujadili macho ya nyavu, inaweza pia kuchangisha wavuvi wanunue machubwi yaliyo tayari kwa jumla, na betri kuukuu zikusanywe nzima zirudishwe Dar es Salaam kwa boti zinazoleta mpya.