Nyani wa Kikopey na Asili ya Lugha

Imezuka kasumba, hata katika idara za lugha, ya kudai kwamba chimbuko la lugha ya binadamu ni suala la wanabiolojia peke yao. Wanaoshikilia dai hilo hupenda kuwataja tumbili wa Amboseli. Mwaka 1980 Seyfarth, Cheney na Marler walieleza jinsi walivyowasikilizisha tumbili hao milio iliyorekodiwa: mlio wa chui uliwapandisha mitini, wa tai uliwafanya watazame juu, na wa chatu watazame chini. Ushahidi huo ni mzito, na mhakiki anayeubeza amekosea. Hata hivyo, mlio huo ni onyo, si masimulizi.

Tofauti hiyo inadhihirika Kikopey, karibu na Gilgil. Shirley Strum alianza kuwachunguza nyani wa huko mwaka 1972, pangali ranchi ya ng'ombe, akabaini kwamba urafiki na werevu wa kijamii una uzito kuliko ubabe. Ranchi ilipouzwa na wakulima wadogo kupanda mazao, nyani waliyavamia mashamba. Mwaka 1984 wakahamishiwa Laikipia. Nyani hao walijuana, wakapatana na kuonyana kwa sauti. Lakini aliyeweza kusimulia mahindi yaliyoliwa jana, na kuyatetea mavuno ya kesho, alikuwa mkulima.

Itajibiwa kwamba nyani alinyimwa koo tu. La hasha. Mwaka 2016 Fitch na wenzake walionyesha kwamba koo la kima aina ya makaki lingeweza kutoa matamshi, na mwaka 2017 watafiti walibaini sauti zinazofanana na irabu katika nyani waliofugwa Ufaransa. Matokeo hayo hayaidhoofishi fasihi, yanaipa nguvu. Kama koo lipo, basi kilichokosekana kitafutwe kwingine.

Kitafutwe katika methali. Asemaye "Nyani haoni kundule" humtaja nyani asiyekuwapo ili kumsuta mtu aliyepo. Hapo pana sitiari, dhamira na hadhira, na pana uwezo wa kusema jambo kwa kutolisema. Hakuna nyani aliyejulikana kumtumia binadamu hivyo. Basi msomi wa lugha anayehesabu irabu za nyani, huku akiipuuza fasihi simulizi ya watu wake, ndiye hasa anayesemwa na methali hiyo.