Kilwa haikuuawa na anasa

Kuna maelezo yanayopendwa sana barazani: shida huzaa watu imara, watu imara huleta neema, neema huzaa walegevu, na walegevu huirudisha shida. Wasomi humtaja Ibn Khaldun wa Tunis, aliyeandika mwaka 1377 kwamba dola huinuliwa na mshikamano wa watu wa jangwani, ikadhoofika kwa starehe za mjini, na kwa kawaida haizidi vizazi vitatu. Nasi tuna Al-Inkishafi, utenzi unaoyatazama magofu ya Pate na kuona ghururi ya dunia. Fikra hii ina uzito wake. Ukiipeleka Kilwa, haisimami.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri na Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu. Ndizo zama za Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane, lililojengwa ukingoni juu ya bahari. Kama anasa huua miji, Kilwa ingekufa hapo. Lakini iliendelea kufanya biashara kwa zaidi ya karne moja na nusu, na katika karne ya 15 ilimudu kuujenga upya Msikiti Mkuu uliokuwa umeporomoka.

Udhaifu wake ulikuwa kwingine. Dhahabu haikuwa yake: ilitoka bara, katika Zimbabwe ya leo, ikashuka Sofala, na Kilwa ikala ushuru wa njia. Mwishoni mwa karne ya 15 wafanyabiashara walishaanza kupitia Angoche na Zambezi. Wakati huohuo wakuu waligombea kiti. Almeida, kamanda wa msafara wa Wareno, alipotia nanga mwaka 1505, aliyetawala ni Amiri Ibrahim, mtu asiye wa ukoo wa masultani, na wenyeji hawakuwa kitu kimoja nyuma yake. Wareno waliuteka mji, na mwaka huohuo wakajenga ngome Sofala.

Basi dhiki ikaja. Je, ilizaa watu imara? Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliweka mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Fedha zikarudi mjini kwa kuuza watu wa bara, na biashara hiyo ikashamiri hata katika karne iliyofuata, Kilwa Kivinje ikiwa bandari yake kubwa. Sioni namna ya kuuita huo uimara. Aliyebanwa hushika kilicho karibu, na walioshikwa walikuwa binadamu.

Ndiyo maana hunikera kusikia vijana wakiambiwa kwamba kinachowakosesha maendeleo ni kutoionja shida. Katika wilaya hiyohiyo ya Kilwa, kwenye kisiwa cha Songosongo, gesi iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Safari hii mali imo katika ardhi ya Kilwa yenyewe, si ya kupita tu. Mjadala unaotufaa ni sehemu gani ya mapato inabaki wilayani, nani anaisimamia, wananchi wanamhoji wapi, na itakuwa imejenga nini kabla visima havijakauka.