Baba anayebeba vifaranga kwapani

Mvua zikikolea Shinyanga, malambo hujaa na majaruba ya mpunga hutanda maji. Huu ndio wakati mzuri wa kuwatazama ndege wa majini wakilea, na ni darasa la bure kwa mtoto na mzazi wake.

Bata mwitu wenye uso mweupe, wale wanaopiga mluzi, husikika kabla ya kuonekana. Dume na jike huatamia kwa zamu na hulea pamoja. Bata bukini wa Misri nao vifaranga wao hujilisha tangu siku za mwanzo, lakini wazazi wote wawili hubaki kuwalinda hadi waweze kuruka, zaidi ya miezi miwili.

Anayeshangaza zaidi ni ndege wa hudhurungi mwenye vidole virefu mno, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kandokando ya Ziwa Victoria. Jike hutaga, kwa kawaida mayai manne, kisha huweza kwenda kwa dume mwingine. Baba ndiye huatamia, kwa siku zipatazo 24. Hatari ikija, huwakumbatia vifaranga chini ya mbawa na kuondoka nao, miguu yao ikining'inia.

Watoto wengi wa ukanda huu baba zao wako machimboni. Mtoto akiuliza, "Mbona mama yao hayupo?" asikatishwe, maana swali linalofuata huwa lake: "Na baba atarudi lini?" Jibu la kweli, hata likiwa fupi, humtuliza kuliko ahadi. Na baba akirudi, asubuhi moja lamboni na mwanawe hukumbukwa kuliko pipi za stendi.

Ila mtoto asiende peke yake. Mashimo yaliyoachwa na wachimbaji hujaa maji, kingo huporomoka na kina hakionekani. Madimbwi ya kuoshea dhahabu yaepukwe kabisa. Zebaki ni sumu, na huathiri zaidi ubongo wa mtoto. Asiingize hata miguu majini: konokono wa maji yaliyotuama hueneza kichocho.

Nendeni alfajiri au jioni, mketi mbali na kimya. Mayai yasiguswe, manati ibaki nyumbani. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu vifaranga, kisha arudie wiki ijayo. Wakipungua atauliza kwa nini. Mwambie ukweli: mwewe na kenge nao wana watoto.