Oili inayovuja kwenye difu, mkulima ndiye anayelipa

Ukipita asubuhi kwenye gereji za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Tandika na Mbagala wilayani Temeke hadi Tegeta na Bunju wilayani Kinondoni, hutakosa lori lililoinuliwa kwa jeki, gurudumu la nyuma limefunguliwa na fundi amelala chini ya difu. Tatizo mara nyingi ni lile lile: oili inavuja kwenye ekseli ya nyuma.

Wenye malori wengi hulichukulia jambo hili kuwa dogo. Utingo anafuta, oili inaongezwa, gari linarudi barabarani. Hapo ndipo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapoanza kubeba gharama ambayo hawakuelezwa.

Ndani ya difu kuna gia zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Oili huzilainisha na kupunguza joto. Ikipungua, gia na beringi husagana mpaka difu nzima ife. Hiyo ni hasara ya mwenye gari. Ya pili ni hatari zaidi. Sili ya ndani ya gurudumu ikichoka, oili hupenya hadi kwenye dramu na kulowesha lainingi za breki. Lainingi iliyolowa oili haishiki. Sasa fikiria lori lililojaa nyanya za Ilula, mkoani Iringa, likiteremka Mlima Kitonga kuja Dar es Salaam huku gurudumu moja la nyuma likiwa halina breki.

Hata ajali isipotokea, nyanya hazisubiri. Lori likilala njiani siku mbili likisubiri spea, matenga yaliyotoka shambani yakiwa mazuri hufika sokoni yakichuruzika maji. Bei inashuka, na nauli inadaiwa vile vile.

Matengenezo ya kweli si kubadilisha sili tu na kuondoka. Kwanza fundi ajue oili inatokea wapi: mbele ya difu inapofungwa propela, nje kwenye gasketi ya shafti ya gurudumu, au ndani upande wa breki. Pili, asafishe tundu dogo la kupumulia lililo juu ya ekseli. Likizibwa na tope, hewa iliyopata joto hukosa pa kutokea na husukuma oili ipite kwenye sili, hata ikiwa mpya. Tatu, akague beringi. Gurudumu likicheza, sili mpya itakatika mapema. Nne, aangalie mahali sili inapokaa; pakiwa pamechimbika mfereji, oili itaendelea kupita.

Lainingi zilizolowa zisioshwe kwa petroli na kurudishwa. Zikipata joto, oili iliyozama ndani hutoka tena. Zibadilishwe pande zote mbili ili breki zishike sawa. Mwisho, oili ijazwe kwa aina na kiwango alichoelekeza mtengenezaji wa gari, maana ikizidi nayo huvuja.

Wenye magari watasema siku moja ya gereji ni nauli iliyopotea. Ni kweli. Lakini siku hiyo moja hapa mjini, ambako spea na fundi vipo karibu, ni nafuu kuliko siku tatu za porini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na sisi upande wa mzigo tusijitoe lawamani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Uzito ukizidi, beringi na sili huumia mapema. Lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo imekuwa ikiipiga vita, huficha uzito huo. Magunia 70 ya kilo 100 ni tani 7. Yakiwa na kilo 130 kila moja, ni tani 9.1. Nauli imelipwa kwa idadi ya magunia, lakini lori limebeba tani 2.1 za ziada. Mwenye lori asiyelipwa uzito huo atapata wapi moyo wa kufanya matengenezo?

Ushauri wangu ni huu. Mfanyabiashara anayepeleka nafaka Tandale au mbogamboga Temeke Sterio, kabla hajatoa fedha ya kutanguliza, ainame aangalie upande wa ndani wa magurudumu ya nyuma. Akiona oili mbichi inang'aa au vumbi limegandana na mafuta, amwambie mwenye gari atengeneze kwanza, au atafute lori jingine. Vikundi vya wakulima na vyama vya ushirika viandike kwenye mkataba wa usafiri nani atalipia mzigo ukioza kwa ubovu wa gari, navyo vipakie kwa uzito wa haki na kuulipia.

Mteja akianza kukagua, mwenye lori hatasubiri difu ife ndipo aende gereji. Kuinama chini ya gari dakika tano hakuna gharama, na huenda kukaokoa mtaji wa msimu mzima.