Wakili Havunji Ndoa

Kuanzia Makenke, pembeni mwa mji wa Mbarara nchini Uganda, palipo na kambi ya jeshi, hadi Base Camp na Juru ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ndoa inapofika ukingoni husikika kauli ileile: aliyekwenda kwa wakili amekwenda kuvunja nyumba. Mambo ya ndoa, wanasema, ni ya wazee, ya mchungaji au ya sheikh, na yakiwashinda hao ni ya mwenyekiti wa RWC, baraza la uongozi la wakimbizi wenyewe. Kauli hii ina sura ya busara na ndiyo maana inaaminiwa. Lakini ni ya uongo, na wanaoumizwa nayo zaidi ni akina mama na watoto. Ndoa huvunjwa na waliomo ndani yake. Wakili huja baadaye, kuhakikisha kwamba kuvunjika huko hakumwachi mtu bila haki yake.

Wazee wana kazi yao na hakuna anayeidharau. Nchini Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huwataka wanandoa wapitie kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Baraza hupatanisha, mahakama huamua. Shida huanza pale kikao kilichoshindwa kupatanisha kinapojipa pia kazi ya kutoa talaka. Kinachotoka hapo mara nyingi ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule: majina mawili, alama za dole gumba za mashahidi, muhuri wa mwenyekiti, na sentensi moja kwamba hawa wameachana kwa amani. Haisemi watoto watakaa na nani, nani atawalipia ada, wala kiwanja walichopewa kitalimwa na nani. Kama ndoa ilifungwa kanisani au serikalini, karatasi hiyo haijaivunja. Sheria ya Talaka ya Uganda, ya tangu mwaka 1904, imeiachia mahakama kazi hiyo, na hata mahakama ikishatoa amri ya awali, miezi 6 hupita kabla haijawa ya mwisho. Anayeoa tena kwa nguvu ya karatasi ya daftari bado ana mke. Ndoa za Kiislamu na za kimila zina njia zake, na masheikh na wazee wana nafasi humo, lakini matunzo na malezi ya watoto bado yanahitaji uamuzi unaoweza kutekelezwa. Kwa mkimbizi jambo hili ni zito maradufu: siku faili la kuhamia nchi ya tatu litakapofunguliwa, ataulizwa ni nani mwenye haki ya malezi, na karatasi ya daftari haina jibu.

Tena sheria ambayo wazee wengi wanaikumbuka siyo iliyopo leo. Zamani mume aliyeomba talaka ilimtosha kuthibitisha uzinzi wa mkewe, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mumewe pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kumtelekeza. Chama cha wanasheria wanawake, FIDA Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1974, kilikwenda Mahakama ya Katiba, na mwezi Machi 2004 ubaguzi huo ukabatilishwa. Mwaka 2015, katika kesi ya shirika la MIFUMI, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha Katiba. Hata hivyo wapo wanawake wanaoambiwa warudishe ng'ombe kwanza ndipo waachwe huru. Mwanamke asiye na wa kumweleza sheria atakopa, atauza alichonacho, au atarudi kupigwa.

Wapo wanaosema mawakili hukoleza ugomvi ili wapate pesa. Wa namna hiyo wapo, na wanastahili kulaumiwa. Lakini kanuni za usuluhishi za mahakama za Uganda za mwaka 2013 zinataka kesi za madai zipitie usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na wakili mwema huanza kwa kumwambia mteja wake ukweli asioupenda. Anayeamini kwamba nusu ya kila kitu ni yake ataelezwa kesi ya Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe, ambamo mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilisema mgao hutegemea mchango wa kila mmoja, ukiwemo ule usio wa pesa. Mume anayedai kwamba mkewe hakuleta kitu kwa sababu hakuajiriwa atakuta kesi hiyohiyo inamkana. Madai ya pande zote mbili yakishapunguzwa hivyo, ugomvi hupungua.

Wengine husema hii ni sheria ya Waganda, na mkimbizi ni mgeni tu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unawajibu: ibara ya 16 inampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani, na ibara ya 12 inaweka hali yake ya ndoa chini ya sheria ya nchi yenye maskani yake, au kama hana maskani, ya nchi anayoishi. Ni kweli kwamba Sheria ya Talaka inamtaka mwombaji awe na maskani Uganda, na hicho ni kizingiti. Lakini kizingiti cha namna hiyo ndicho kinachomhitaji wakili, maana mwenyekiti wa RWC hawezi kukijadili mbele ya hakimu.

Hoja ya gharama ndiyo yenye uzito, kwa sababu nauli ya Mbarara peke yake ni mzigo. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere ina ofisi Mbarara na huwasaidia wakimbizi kisheria bila malipo, lakini mahitaji ni makubwa kuliko ofisi moja. Katiba inamlazimu mlipakodi kumgharamia wakili mshtakiwa anayekabiliwa na kifo au kifungo cha maisha, lakini haimtaji mama anayegombania matunzo ya watoto. Basi serikali na mashirika walete msaada huo hadi Nakivale, na mahakama tembezi zinazofika huko zisikilize pia kesi za familia. Nanyi wazee, mkishindwa kupatanisha, msiandike talaka. Waandikieni wahusika barua ya kuwapeleka kwa wakili.